Bwawa la uani kwa Mama, Mkuranga: shajara ya vipimo vya nailoni

Jumamosi, kabla ya jembe

Mama ametoa eneo. Ni kipande cha ua kati ya jiko la nje na matuta yake ya matembele, palipokuwa na banda la kuku. Masharti yake ni mawili: maji yamsaidie kumwagilia kiangazi, na uwepo uzio kwa ajili ya wajukuu. Mimi nataka sato wachache wa kitoweo na yungiyungi za kupendezesha macho. Tumeelewana.

Nafasi inaruhusu mita 6 kwa 4, ila kona moja haigusiki. Chini yake linapita bomba la maji machafu kwenda karo, na mfuniko wa chemba uko hapohapo. Kona hiyo nimeikata mshazari, mita 1.5 kila upande. Bwawa sasa lina pande tano, na mpango wote wa vipimo umebadilika kwa sababu hiyo.

Udongo wetu ni kichanga. Ukimwaga ndoo ya maji hapa, ardhi imeshakunywa kabla hujaiweka ndoo chini. Ukishuka chini ya sentimita 40 kuna mfinyanzi kidogo unaoshika, lakini si wa kuzuia maji. Zege nimeliacha: gharama yake kubwa, na ardhi ya kichanga ikitulia kidogo upande mmoja, zege linapata ufa. Imebaki nailoni ya bwawa, ile polithini nzito nyeusi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua karatasi moja bapa, kuitandaza na kukunja ziada kwenye kona. Ya pili ni kushonewa: karakana inakata vipande na kuvichomelea kwa joto hadi nailoni inakuwa na umbo la shimo lenyewe. Nimepiga hesabu kwa mchoro wa awali. Karatasi bapa ingehitaji urefu wa chini mita 4.5, kuta mbili za mita 1.25 na ukingo wa nusu mita kila upande, jumla mita 8. Upana kwa hesabu ileile ni mita 6. Hizo ni mita za mraba 48. Ya kushonewa inafika 41 au 42 hivi. Tofauti hiyo haitoshi kuwa sababu, maana karakana nayo inatupa mabaki na kulipisha kazi ya kuchomelea.

Sababu ya kuchagua ya kushonewa ni mikunjo. Nailoni ya milimita 0.75 si laini kama turubai. Ukiikunja kwa nguvu inaweka mstari mweupe, na polithini ya aina hii ikikaa miaka na mkunjo uliobanwa huwa inaanza kupasuka papo hapo. Tena mikunjo ya kona hukusanya tope na mabaki ya chakula, ukija kusafisha unakuta kinyesi cha samaki kimejazana. Kwa shimo la pande nne labda ningevumilia. Kwa pande tano, hapana.

Lakini ya kushonewa haikubali kubahatisha. Karatasi bapa ikizidi nusu mita unaikata na kisu. Ya kushonewa ikipungua sentimita 10 haigusi udongo, inaning'inia. Maji ya kina cha mita moja yanakandamiza kwa tani moja kwenye kila mita ya mraba, na mahali inaponing'inia, mzigo huo wote unabebwa na nailoni peke yake.

Jumatatu, kuchimba

Fundi amekuja na kijana wake, sururu, machepeo na toroli. Swali lake la kwanza: "Kaka, niambie futi." Mafundi wengi huku wanawaza kwa futi na inchi, na tepu zina pande zote mbili. Futi 20 ni mita 6.10, si 6. Tumekubaliana kwamba kazi hii ni sentimita mwanzo hadi mwisho, na upande wa inchi wa tepu nimeubandika gundi ya karatasi. Amecheka, ila hajabisha.

Kuta hazichimbwi wima. Kichanga kikisimamishwa wima kinaporomoka, pengine usiku huohuo. Nimechagua mlalo ambao kila ukishuka mita 1 unaingia ndani sentimita 75. Hapo urefu wa ukuta unakuwa mita 1.25 kamili, kwa kanuni ileile ya tatu, nne, tano ambayo fundi anaitumia kutafuta skwea, yaani pembe mraba, ya msingi wa nyumba. Akaielewa mara moja. Tumepiga kigezo cha mbao, pembetatu ya 75 kwa 100 kwa 125, na pima maji juu yake. Unakilaza ukutani, ukiona povu limekaa katikati, mlalo uko sawa.

Kina ni mita 1 upande wa jiko na mita 1.10 upande wa matembele. Hizo sentimita 10 ni za kukusanya tope sehemu moja ili linyonywe kwa mpira. Tundu la kutolea maji chini sitaki. Kila tundu kwenye nailoni ni mlango wa kuvuja, na lile la chini kabisa huwezi kulirekebisha bila kumwaga bwawa zima.

Kazi iliyotuchelewesha si kuchimba, ni ndago. Ua mzima umejaa. Jani lake changa lina ncha kama sindano na linatoboa polithini likitafuta mwanga. Wakulima wanaofunika matuta kwa plastiki wanalijua vizuri. Tumefukua hadi vile vitunguu vyake vidogo vyeusi, mita nzima kuzunguka shimo, na kuvianika juani juu ya bati. Mama amesimamia sehemu hii mwenyewe. "Ukiacha kimoja umeacha shamba," kamwambia yule kijana, naye akarudia kuchekecha fungu lote.

Shimo tumeliacha wazi usiku. Mvua ilinyesha kidogo. Asubuhi hakukuwa na maji yanayochuruzika kutoka chini, na hilo nilitaka kulijua kabla ya kulipa hata shilingi ya nailoni. Maji ya ardhini yakipanda chini ya nailoni yanaibinua juu, na hakuna kipimo kitakachokusaidia.

Jumatano, kusawazisha ukingo

Jicho linasema ua ni tambarare. Maji yanasema vingine. Tumetumia mpira angavu wa mita 15, tumeujaza maji, tumeutikisa hadi mapovu yote yakatoka, kisha ncha moja kwenye kigingi cha kona ya jiko na nyingine tukaizungusha kona zote. Kona ya jiko nimeiita A. Kutoka hapo tunafuata ukuta wa jirani hadi B, kisha upande wa matembele hadi C, kona iliyokatwa ni C hadi D, na E inarudi karibu na jiko. Ukilinganisha na A, ardhi ya B iko chini sentimita 4, C sentimita 7, D sentimita 9, E sentimita 3.

Sentimita 9 zinaonekana ndogo hadi ujaze maji. Maji yangefika ukingoni pale D huku upande wa jiko bado kuna utepe mweusi mpana unaochomwa na jua. Fundi amezungusha mstari wa tofali kwa udongo-simenti upande ulio chini, akausawazisha kwa mpira uleule, kisha akapiga plasta na kuuviringisha ukingo wote kwa mwiko. Ukingo wenye makali ni kisu kwa nailoni.

Kila kona, plasta ikiwa bado mbichi, nimezamisha msumari wa zege hadi kichwa kikawa sawa na uso. Hivyo vichwa vitano ndivyo nukta zangu. Mtu yeyote akija kupima kesho atapima kutoka mahali palepale nilipopima mimi, si kutoka "karibu na kona". Nje ya ukingo, sentimita 20 kutoka shimoni, umechimbwa mtaro wa sentimita 30 kwenda chini. Humo ndimo nailoni itakapozikwa. Kwa hiyo nusu mita ya ukingo ni 20 za kulalia juu na 30 za kushuka mtaroni.

Alhamisi, matandiko

Watu wengi huku wanapima shimo, wanaagiza nailoni, kisha ndipo wanatandika kitu chini yake. Mimi naona ni kinyume. Ukiweka mchanga wa sentimita 5 kila upande umeshalipunguza shimo sentimita 10, na nailoni iliyoshonwa kwa vipimo vya jana leo ina mikunjo ileile uliyolipa ili uiepuke. Kwanza tandika, halafu pima.

Chini tumeweka mchanga uliochekechwa, sentimita 5, ukashindiliwa ukiwa na unyevu. Kutani mchanga haukai kwa mlalo huu. Nilifikiria magunia ya katani, mzee wa jirani akanikatisha: "Hayo unawapikia mchwa." Ni kweli, mchwa wa huku wanamaliza gunia kabla ya masika. Tumepata mazulia chakavu ya nyuzi za plastiki kutoka msikiti wa mtaani, uliokuwa unabadilisha yake, kwa idhini ya kamati. Yana unene wa sentimita moja. Yamepigiliwa juu tu, nje ya ukingo, ili pasiwe na msumari wowote ndani ya shimo.

Kabla ya zulia nimepapasa kuta zote kwa kiganja. Vilitoka vipande vya chupa, mzizi mmoja wa mkorosho na kijiko ambacho Mama anadai kilipotea siku nyingi.

Jumamosi, siku ya kupima

Watu wawili, tepu mbili: ya chuma ya mita 7.5 na ya kitambaa cha nyuzi za kioo ya mita 30. Kamba sikutaka zitumike kupima urefu. Ya katani inabadilika ikipata unyevu, ya nailoni inavutika kadiri unavyoivuta. Kamba ni za kuonyesha mstari tu.

Ile tepu ya chuma ina kikulabu kilicholegea, na mashaka ya milimita chache kwenye kila kipimo sikuyataka. Tumeanzia kwenye alama ya 10, mmoja anashika 10 juu ya kichwa cha msumari, mwingine anasoma, kisha tunatoa 10. Anayesoma anataja kwa sauti, anayeandika anarudia kwa sauti. Kila kipimo mara mbili, mara ya pili tukiwa tumebadilishana ncha. Tepu ya mita 7 ikivuka juu ya shimo inalegea katikati na kukupa urefu uliozidi, kwa hiyo kwa mishazari, yaani mistari ya kona hadi kona inayokatiza shimo, tumeweka ubao mrefu uliovuka ukingo hadi ukingo ili tepu iulalie.

Pande za juu zimetoka hivi: AB 6.04, BC 2.52, CD 2.14, DE 4.49, EA 4.03.

Hizo tano peke yake hazitoshi. Ukipiga misumari fito tano za urefu huo zikawa fremu, unaweza kuisukuma ikalala huku na kule na pande zote zikabaki na urefu uleule. Kinachoifunga ni mishazari. Tumepima AC 6.55, AD 6.04, BD 4.29, BE 7.24 na CE 6.21. Mbili zingetosha kuchora umbo. Hizo nyingine ni mashahidi. Usiku nimechora kwa bikari kwenye karatasi ya miraba, sentimita 2 kwa mita 1, nikianza na AB, nikitafuta C na E kwa AC na BE, halafu D kwa AD. Nilipopima BD kwenye mchoro ikatoka ileile ya uani. Isingetoka, ningejua kuna namba moja inayodanganya na ningeitafuta kabla ya kuagiza.

AB na AD zote zimekuwa 6.04. Fundi alidhani nimenakili mara mbili, tukarudi kupima. Ndivyo ilivyo.

Chini ni kazi ya magoti. Kona za chini zimeviringika kidogo, huwezi kusema pembe iko wapi hasa. Tumevuta kamba mbili zinazofuata vitako vya kuta, zinapokatana ndipo kona, tukachomeka njiti. Njiti tano zimeingia, njiti tano zimetoka, nimezihesabu kwenye kiganja. Vipimo vya chini, kwa herufi ndogo: ab 4.47, bc 1.38, cd 1.44, de 3.43, ea 2.52. Mishazari: ac 4.70, ad 4.24, bd 2.60, be 5.07. Sakafu inainama sentimita 10 kuelekea b na c, lakini kwa urefu wa mita 4.47 mwinamo huo unaongeza milimita moja tu, kwa hiyo sikujisumbua kuurekebisha.

Kuta ndizo zilizonichukua muda zaidi. Kwenye mchoro ukuta ni mstari ulionyooka. Kwenye ardhi una tumbo hapa na shimo pale, hata baada ya kigezo. Nailoni inafuata ardhi, basi na tepu ifuate ardhi. Tepu ya kitambaa ilishikwa juu kwenye ukingo, ikalazwa juu ya zulia kwa kiganja hadi kitako cha ukuta. Kila ukuta sehemu tatu: kona, katikati, kona. Ukuta wa AB: 1.27, 1.31, 1.37. Ukuta wa BC: 1.38, 1.38, 1.39. Upande wa E na A: 1.25, 1.26, 1.27. Katikati ya DE palikuwa na 1.36 peke yake, kubwa kuliko kona zake zote mbili. Tulipokagua tukakuta zulia limejikunja chini, tukalinyoosha ikawa 1.31.

Jumapili, mchoro na simu

Karakana ya Dar niliyoipigia wiki hii ilitaka namba tatu tu: urefu, upana, kina. Wao wanashona sana matangi ya mstatili ya kuta wima, naelewa. Lakini 6.04 kwa 4.03 kwa 1.10 ingeleta sanduku. Sakafu yake ingekuwa na urefu wa mita 6 wakati sakafu yangu ni 4.47. Mita moja na nusu ya nailoni ingekosa pa kulala.

Hata nikisema kuta zina mlalo, ile kona iliyokatwa ina mtego wake. Juu nimekata mita 1.5 kila upande. Mtu anayechora haraka ataweka 1.5 na chini pia. Lakini kuta zote tano zikiingia ndani kwa kiasi kilekile, ukataji wa chini unapungua hadi mita 1.06 kila upande, na upande wa mshazari unashuka kutoka 2.12 hadi 1.50. Hizo ni namba za mchoro wa awali. Shimo lilivyochimbwa lina 2.14 juu na 1.44 chini, kwa sababu upande huo una kina zaidi. Angechora 1.5 chini, ukuta wa kona ungekuwa na mlalo wa peke yake, na nailoni ingevutwa hewani mbele ya udongo.

Nimetuma karatasi moja yenye michoro miwili, juu na chini, herufi kwenye kila kona, namba zote, na jedwali la kuta. Pembeni nimeandika mambo ambayo nisingetaka yajadiliwe kwa simu yenye makelele. Kwamba mchoro unatazamwa kutoka juu, mtazamaji akiwa nje ya shimo. Umbo la pande tano lililopinda upande mmoja lina pacha wake wa kwenye kioo, na nailoni ikishonwa kinyume haitaingia hata uizungushe mara ngapi. Itabidi uipindue ndani nje. Kwamba nusu mita ya ukingo haimo kwenye vipimo, waiongeze wao. Kwamba waongeze asilimia 1 kwenye urefu wote, na kwamba mimi sijaiongeza. Hapo kuna hatari ya mara mbili: mteja anaongeza kidogo "kwa usalama", muuzaji naye anaongeza, fundi wa mashine naye anaongeza.

Asilimia hiyo ni ya joto. Polithini nyeusi inatanuka sana. Kipande cha mita 6 kikitoka nyuzi 25 za alfajiri hadi 55 za jua la saa sita kinarefuka zaidi ya sentimita 2, na usiku kinarudi. Nailoni iliyobana saa sita mchana itavutana na kona zake usiku. Afadhali ilegee.

Wamepiga simu jioni. Msichana wa ofisini kwao alisoma namba zangu zote moja baada ya nyingine, nami nikawa nafuatilia na daftari. Akauliza kitu kizuri: maji yakizidi yatatokea wapi? Nimemwambia hakuna tundu. Bomba la inchi 3 litapita ukingoni upande wa D, kwenye nafasi aliyoiacha fundi kwenye tofali, chini ya usawa wa ukingo kwa sentimita 10, na nailoni italala ndani ya hiyo nafasi. Maji ya ziada yanakwenda kwenye matembele. Akasema basi pale waache ukingo mpana kidogo. Nimekubali sentimita 20 zaidi kwa urefu wa nusu mita.

Jumanne, mchoro wao umerudi

Umechorwa kwa kompyuta, una eneo la mita za mraba 43 kasoro. Nimelinganisha kona kwa kona. BE kwao ni 7.31. Yangu 7.24 ukiongeza asilimia 1 ni 7.31. CE 6.27, sawa. Kitu kimoja nimekirudisha: viungo vya kuchomelea walivipanga vipite kwenye kona zenyewe za chini. Nimeomba kiungo cha sakafu kikae sentimita 15 ndani ya sakafu, maana kwenye kona ndipo mguu wa mtu anayesafisha unapokanyaga kwa kisigino. Wamesema inawezekana, kazi inaongezeka kidogo. Nimelipa nusu.

Viungo vyao ni vya mistari miwili sambamba yenye njia ya hewa katikati. Wanaziba ncha, wanajaza hewa kwa pampu yenye geji, wanasubiri. Mshale ukishuka, kiungo kinavuja. Nimeomba nishuhudie.

Ijumaa, kwenye karakana

Nimeshuhudia. Mshale ulikaa. Kisha tumeitandaza kwenye sakafu yao, kwa kadiri kitu chenye umbo la bakuli kinavyotandazika, tukapima pande tano za sakafu na mishazari miwili. Zote ziko ndani ya sentimita 1. Herufi A hadi E nimeziandika kwa kalamu nyeupe ya rangi kwenye ukingo, upande wa juu. Imekunjwa kwa kuzungushwa, si kwa kubanwa, ina uzito wa kilo 30 hivi. Nimemaliza malipo baada ya kupima.

Jumamosi, kutandika

Tumeanza kukipambazuka, nailoni ikiwa ya baridi. Watu wanne, peku, hakuna simu mifukoni wala funguo kiunoni. Mama alisimama A akiwa na karatasi ya mchoro, akituita herufi. "Mwenye D asogee, bado!" A kwenye A, B kwenye B. Kona iliyokatwa ilikaa yenyewe bila kuvutwa, na hapo fundi akasema neno ambalo mafundi hawalisemi mara nyingi: "Hii imelala."

Mtaro hatujaufukia. Nailoni ikizikwa kabla ya maji, uzito unaivuta na haina pa kutoa nafasi; ndipo viungo vinapokata. Mawe laini yamewekwa juu ya ukingo kuishikilia tu. Maji yameingia taratibu kutoka tangi la mvua, na hadi yalipofika kina cha sentimita 30 mmoja wetu alikuwa ndani akisukuma mawimbi madogo ya nailoni kuelekea kutani kwa miguu. Baada ya kina hicho hausukumi tena kitu.

Bwawa likijaa hadi sentimita 10 chini ya ukingo linachukua kama lita 14,000. Bati la nyumba ya Mama ni mita za mraba 60, yaani kila milimita 10 za mvua ni lita 600 zikiingia zote. Masika moja nzuri inalijaza lote. Kwa sasa tumenunua maji ya boza ya kumalizia.

Jumamosi iliyofuata

Ukingo umeshuka wote kwa usawa, kasoro pale D ambapo nailoni imevutwa ndani sentimita 3. Nafasi ile ya ziada niliyoongezewa imetosha. Mtaro umefukiwa pande nne, wa D unasubiri maji yatulie.

Ndoo ya maji imesimamishwa ndani ya bwawa, maji yake yakiwa sawa na ya nje, alama ya kalamu kwenye zote mbili. Maji ya ndoo yameshuka kwa kiasi kilekile cha bwawa, kwa hiyo kinachopotea ni jua na upepo. Ingekuwa bwawa linashuka zaidi ya ndoo, ningeanza kutafuta tundu kwenye usawa ambapo maji yangesimama.

Yungiyungi ziko kwenye mabeseni juu ya kipande cha zulia, zisikwangue sakafu. Mbu wameshaanza kutaga, nimetia perege wachache kutoka kwa jirani wawashughulikie. Milunda ya uzio imeletwa jana na fundi anaanza Jumatatu. Vifaranga vya sato sijaagiza. Mama amesema uzio kwanza.